Libanga kwa Mokgadi

Gaëlle alikuwa na vidole vya kusuka na mdomo wa kusema, na vyote alivitumia kwa wakati mmoja. Saluni ya mama yake, Marcelline, ilikuwa chumba kimoja kwenye Rockey Street, Yeoville: viti vitatu, dirisha lenye nondo, na kioo kirefu ambacho juu yake Gaëlle alikuwa amebandika simu kwa utepe wa gundi. Mchana wateja walipopungua, aliibonyeza simu ikaanza kurekodi, naye akaendelea na kichwa kilichokuwa mbele yake huku akiongea na watu asiowaona. Sura yake haikuonekana. Kilichoonekana ni vidole vinavyopanda na kushuka kwenye nywele, na sauti juu yake. Watu elfu tisa walikuwa wakiifuata sauti hiyo mtandaoni.

Alizaliwa Uvira, akaletwa Johannesburg akiwa na miaka mitano, na sasa alikuwa na ishirini. Kiswahili chake kilikuwa cha kwao, kikiwa kimeokota Kifaransa cha mama yake na eish na sharp za mtaani. Kwa lugha hiyo aliongea juu ya kila kitu. Aliongea juu ya maji yaliyokatika Yeoville siku sita wakati kule juu, Observatory, lori lilikuwa likijaza bwawa la kuogelea la mtu mmoja. Aliongea juu ya diwani anayekumbuka njia ya kufika mtaani mwaka wa uchaguzi tu: anakuja na wali kwenye vyombo vya plastiki, anacheza amapiano kama mtu anayekanyaga siafu, anapigwa picha, anaondoka. Kuna tamthilia ya televisheni ambayo Yeoville nzima iliiangalia, na juu ya hiyo alisema hivi: "Nimeangalia sehemu mia mbili. Mgeni hajawahi kuingia dukani akanunua mkate akarudi nyumbani. Kila akiingia, lazima auze unga wa kulevya. Mimi nataka kumwona mgeni mmoja tu ananunua mkate."

Watu walicheka. Mama yake hakucheka. Marcelline alifika Johannesburg mwaka elfu mbili na saba, akiwa ametangulia peke yake, na mwaka uliofuata alilala wiki tatu kwenye uwanja wa kituo cha polisi, akiwa na blanketi moja na sufuria isiyo na mfuniko. Wageni walikuwa wakifukuzwa majumbani na kuuawa, na magazeti yaliita vurugu. Vurugu ni watu kusukumana kwenye foleni. Ile ilikuwa na orodha, ilikuwa na namba za nyumba, ilijua nani anakaa chumba gani. Ikaja tena elfu mbili na kumi na tano, ikaja tena elfu mbili na kumi na tisa, karakana za Jeppestown zikaungua na magari ndani yake, na kila mara alisimama mkubwa mmoja mwenye tai akasema nchi hii haina chuki na watu, ina wahalifu wachache. Marcelline alikuwa amewasikia wakubwa watatu wakisema sentensi hiyo hiyo, na tai zikibadilika. Kwa hiyo alikuwa na desturi zake. Mafundi wa Jeppestown wakifunga mapema kuliko kawaida, yeye alikunja nywele za kuuza, akazitia kwenye mfuko wa plastiki na kuuweka karibu na mlango. Mwaka huo mfuko ulikaa mlangoni tangu Mei.

Maana mwaka huo walikuja watu wa fulana za njano. Hawakuanza kwa moto. Walianza kwa kusimama. Walisimama kwenye geti la kliniki ya serikali, wanaume kumi au kumi na wawili na wanawake wachache, wana spika na thermosi za chai, na kila aliyefika aliulizwa kitambulisho kabla hajafika kwa muuguzi. Asiye na kitambulisho cha Afrika Kusini alirudi. Sheria ya nchi hiyo inasema mjamzito atibiwe bure, wala haimuulizi katoka wapi. Lakini sheria haikuwa imesimama pale getini. Polisi walipita na gari lao, wakapunguza mwendo, wakapunga mkono, wakaenda.

Sasa dada yake Gaëlle, Sagesse, alikuwa na mimba ya miezi saba na presha. Presha yenyewe ilikuwa ile ya kuvimbisha miguu mpaka viatu vinakataa, na muuguzi alishamwambia wazi kwamba akikosa vidonge wiki mbili, wataanza kuongelea nani aokolewe, mama au mtoto. Karatasi yake ya ukimbizi ilikuwa imekwisha muda, na mtandao wa kuiongeza muda ulikuwa ukimjibu kila siku kwamba ombi lake linashughulikiwa.

Aliyemwokoa ni Mokgadi.

Mokgadi alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, mtu wa Polokwane, karani wa mafaili kwenye kliniki hiyo. Si daktari, si muuguzi. Lakini ndiye aliyekuwa na ufunguo wa geti la nyuma, linalotumika kutolea mashuka machafu na takataka. Kila Alhamisi saa mbili asubuhi alilifungua kana kwamba anasubiri gari la kufulia, na wanawake wanne watano wakapita ubavuni mwa mapipa, vichwa chini, wakaingia. Hakuwasalimia. Sagesse alipomuuliza namba yake ya simu, alikataa. Gaëlle alipompelekea maandazi, aliyala palepale wima, akarudisha mfuko mtupu, asibaki na kitu cha mtu. Mara moja tu alisema neno. Alisema mama yake alimzaa shambani kwa watu, kwenye ghala, kwa sababu hospitali ya karibu ilikuwa ya wazungu, na kwamba yeye hajasahau kuwa aliyesimama mlangoni siku ile alikuwa mtu mweusi mwenye funguo.

Gaëlle aliondoka na maneno hayo yakimuunguza. Alhamisi hiyo presha ya Sagesse ilishuka kwa mara ya kwanza. Jumatatu iliyofuata, mchana, akiwa anasuka, furaha ikamzidi.

Hapa lazima lielezwe jambo ambalo kila Mkongo analijua bila kufundishwa. Kwenye muziki wa kwao, mwimbaji akiwa katikati ya wimbo, mapenzi yamenoga, gitaa linalia, huacha kidogo akaita jina la mtu. Jina la mfanyabiashara wa Lubumbashi, la mama mwenye duka Brussels, la kanali. Huko ndiko kutupa libanga. Jina likishaimbwa limeshaheshimiwa, litachezwa kwenye arusi mpaka wajukuu. Hakuna shukrani kubwa zaidi ya hiyo. Gaëlle alikua nayo kama alivyokua na harufu ya sombe jikoni.

Basi akatupa. Aliweka mdundo nyuma, akaongea kwanza juu ya fulana za njano, akawafananisha na mabaunsa wa disko ambalo si lao, watu wakacheka. Kisha akaimba, na sauti yake ilikuwa nzuri, hilo halina ubishi: "Mokgadi eee, Mokgadi wa geti ya nyuma. Mama wa kliniki, mama wa Alhamisi. Mokgadi, tunakuona."

Kufika Jumatano watu elfu sitini walikuwa wameiona. Wanawake walicheza nayo jikoni kwao. Kuna aliyeitia ngoma ya amapiano. Ilisikika kwenye duka la spaza la pembeni, ilisikika kwenye teksi.

Wa kwanza kuingia saluni bila kucheka alikuwa Papa Ignace, fundi cherehani wa mlango wa pili, mtu aliyekula ujana wake Bukavu akifuata bendi kutoka baa hadi baa. Aliingia Jumatano jioni na futi yake shingoni, akangoja mteja atoke, akafunga mlango.

"Mtoto yangu," alisema, "libanga ni ya mtu anayetaka kuonekana. Tajiri analipa, jina linaimbwa, anasimama juu ya meza. Huyu mama alikulipa?"

"Hapana, Papa."

"Alikuomba?"

"Hapana."

"Yeye anaishi kwa kitu gani pale kliniki?"

Gaëlle alikuwa na kitana mkononi. Alikiangalia. Jibu alilijua kabla swali halijaisha, na alipolitoa lilitoka kwa sauti ndogo. Alisema anaishi kwa kutoonekana.

Gaëlle aliifuta video palepale, lakini kufuta ni kwa aliyeitoa, siyo kwa elfu sitini waliokwisha kuibeba. Namba ya Mokgadi hakuwa nayo. Kliniki ilishafungwa tangu saa kumi. Kilichobaki ni kuwahi asubuhi, kabla ya watu wa fulana, na Sagesse alisema atakwenda naye kwa sababu vidonge vyake vilikuwa vimebaki vya siku moja.

Asubuhi ya Alhamisi ilikuwa ya Julai, baridi ya kukata masikio. Gaëlle alivaa kofia ya sufu na barakoa ya kliniki mpaka chini ya macho. Sagesse hakuweza kwenda haraka. Alitembea akishika ukuta, akasimama kila baada ya nyumba tatu, na Gaëlle hakuthubutu kumhimiza. Walipokaribia uchochoro wa nyuma, kabla hawajaona kitu, walisikia.

Ilikuwa sauti yake. Ilitoka kwenye spika, kubwa kuliko ilivyowahi kuwa, ikigonga kuta za matofali. Mokgadi eee, Mokgadi wa geti ya nyuma. Ikaisha, ikaanza upya.

Watu wa fulana za njano walikuwa wamehamia nyuma. Saba au wanane. Geti lilikuwa wazi nusu, na Mokgadi alikuwa amesimama ameliegemea, mafaili kifuani, kama mtu anayezuia upepo. Mwanaume mmoja mrefu mwenye koti la ngozi juu ya fulana yake ndiye aliyeshika simu iliyounganishwa na spika. Hakuwa akipiga kelele. Alikuwa akimuuliza Mokgadi kwa utulivu, kwa Kizulu, kama mwalimu: kwa nini jina lako linaimbwa na watu hawa, mama? Hiki wanachosema ni nini?

Kurudi nyuma hakukuwezekana. Yule mrefu alikwisha kuwaona, na tumbo la Sagesse halikuwa la kukimbia. Aliwaita kwa kidole. Alimuuliza Gaëlle kama anakijua Kiswahili. Angesema hapana, swali la pili lingekuwa kitambulisho. Gaëlle akasema anakijua kidogo.

"Vizuri," yule mtu alisema. "Tuambie huyu msichana anasema nini. Polepole. Kila neno." Na mwenzake akainua simu, akaanza kurekodi.

Wimbo ukapigwa tena. Gaëlle alisimama akisikiliza sauti yake mwenyewe ikimsifu mtu aliyekuwa hatua tatu mbele yake, na mtu huyo hakuwa akimtazama, alitazama lami. Neno kliniki walishalisikia kwa masikio yao. Neno geti pia. Jina walikuwa nalo. Kilichobaki ni nia tu, na nia ilikuwa mdomoni mwake. Aliongea Kiingereza, akaibana sauti kooni kama mwenye mafua.

"Anamtukana," alisema. "Anasema Mokgadi wa geti ya nyuma ametufungia geti. Kila Alhamisi anatufukuza kama mbwa. Anasema, Mokgadi, tunakuona. Siku moja tutakupata."

Mwanamke mmoja wa fulana za njano akaguna, akasema alijua tu. Yule mrefu akamgeukia Mokgadi, uso wake ukalegea pole pole, akaweka mkono begani kwake. Wakati huo ndipo Mokgadi alipoinua macho. Alimtazama Gaëlle mara moja, kutoka kwenye kofia mpaka kwenye viatu, na Gaëlle aliona kwamba ameelewa yote: nani aliyeimba, kwa nini, na anachotakiwa kufanya sasa.

Alikifanya vizuri kupita kiasi. Alitupa mafaili chini. Alisema ndiyo, watu hawa wanamtukana kila wiki, amechoka nao. Akamfuata Sagesse, akamshika mkoba, akamsukuma kwa mikono miwili mpaka Sagesse akaenda kinyumenyume na kugonga ukuta. "Hamba," alisema. "Nenda ukazalie kwenu." Simu mbili zilikuwa zikirekodi. Watu wa fulana wakapiga makofi.

Gaëlle alimshika dada yake wakaondoka. Nyuma yao yule mrefu aliwaambia, bado kwa utulivu ule ule, kwamba Yeoville ina watu wengi wa lugha hiyo, na kwamba mchana atamuuliza mwingine, ahakikishe.

Walipokata kona mbili, Sagesse aliketi kwenye ukingo wa barabara akitweta. Mkoba wake ulikuwa wazi. Ndani, chini ya leso, mlikuwa na vidonge vya mwezi mzima vilivyofungwa kwa raba, na kadi yake, iliyokuwa ikitunzwa kliniki kwenye faili, ikiwa imegongwa muhuri wa siku hiyo.

"Hakunisukuma," Sagesse alisema. Alikuwa akilia. "Alinishika. Ukuta ulikuwa mbali, mimi mwenyewe ndiye niliyeufuata."

Mchana yule mrefu alifika Rockey Street kweli. Gaëlle alikuwa amemwahi Papa Ignace, mwenye kibao cha Kiswahili mlangoni, kwa dakika kumi tu, akamweleza alivyotafsiri. Kutoka saluni alimwona akiingia kwa fundi, alisikia wimbo wake ukivuja kupitia ukuta, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Papa Ignace alisimulia baadaye kwamba alidai alipwe kwanza, kwa sababu anayetafsiri bure hutiliwa shaka, kisha akatoa matusi mabaya kuliko ya Gaëlle, akaongeza na ukoo wa Mokgadi. Yule mtu aliyaandika kwenye simu, akashukuru, akaondoka. Papa Ignace alijaribu kutunga uzi kwenye sindano mpaka jua likazama. Haukuingia.

Ikaonekana wamepona. Kwa siku mbili.

Jumamosi ile video ya kusukumwa ikatoka, na hiyo haikuhitaji mtafsiri. Mjamzito anagonga ukuta, mama mnene anafoka, watu wanapiga makofi. Ilizunguka Yeoville nzima kabla ya chakula cha mchana. Wiki iliyofuata Mokgadi alionekana amesimama geti la mbele, na fulana ya njano juu ya sare yake ya kazi. Walimfanya shujaa wao. Walimpa na kazi: kupekua mikoba ya wanawake wote wanaofika. Alimpekua kila mmoja, akatia mkono mpaka chini, akafoka, akafukuza. Sagesse alifukuzwa, mama mmoja Mrundi alifukuzwa, msichana wa Kitanzania mwenye mtoto mgongoni alifukuzwa. Na kila mmoja wao alipofika nyumbani na kufungua mkoba, alikuta kitu. Mrundi alikuta dawa ya kisukari ya mume wake. Hakuna aliyemwambia mwenzake. Woga uliwafundisha kile ambacho furaha haikumfundisha Gaëlle.

Lakini wale wengine, mamia kwa mamia, waliokuwa wamecheza na jina la Mokgadi jikoni mwao, walikuwa na video mbili tu za kulinganisha. Kwenye saluni ya Marcelline hakukuongelewa kingine. Tulimwimbia, walisema. Tulimpa jina, akatuuza. Afadhali wale wa fulana, hao hawakuwahi kula maandazi yetu. Walimgeukia Gaëlle, wakamwambia atoe video nyingine, amuimbe kinyume, amvue nguo. Kuhusu ile tafsiri yake kule uchochoroni, iliyorekodiwa nayo, na wao wakamtambua kwa dada yake aliyekuwa ubavuni, hawakumlaumu, walijua alilazimishwa. Gaëlle alisuka. Tangu siku ile simu ilikuwa imebanduliwa kwenye kioo, na alama ya gundi ilibaki juu ya vichwa vya wateja kama jicho lililofungwa. Mama yake alimwambia neno moja tu: wewe sasa kazi yako ni kunyamaza, na ni kazi ngumu kuliko kusuka, ujifunze.

Alijifunza kwa wiki tatu. Alikuwa na mengi ya kusema na aliyameza. Diwani alikuja na wali wake, akameza. Mwanamuziki mmoja alijitokeza kwenye redio kusema muziki hauna mipaka, huku tangazo lililofuata likiwa la kampuni ya nyaya za umeme za kuzungushia ukuta. Akameza na hilo. Watu elfu tisa walimuuliza yuko wapi. Miguu ya Sagesse ilipungua uvimbe.

Ijumaa ya wiki ya tatu, saa kumi na robo mchana, Glody alikuja kusokotwa nywele.

Glody alikuwa kijana wa Lubumbashi, mlinzi kwenye maegesho ya magari, mcheshi, mwenye miaka ishirini na minne na redio kichwani isiyozimwa. Siku hiyo alikuwa kimya. Gaëlle alimtania kwamba naona leo betri imeisha. Nywele zilipofika katikati alisema, bila kugeuka, kwamba mchumba wake alirudishwa kutoka kliniki jana. Alikuwa na homa. Yule mama alimpekua, akamfukuza mbele ya watu.

"Aliangalia kwenye mkoba alipofika nyumbani?" Gaëlle aliuliza, na papo hapo akatamani kulirudisha swali.

"Mkoba gani? Alikwenda mikono mitupu. Anaumwa, abebe mkoba wa nini." Glody alitazama saa. "Lakini leo itaisha. Yule mama anatoka kazini saa kumi na moja. Anavuka pale kwenye taa za robot kwenda kushika teksi. Kuna bandugu wane wanamngoja. Hatutamuua, usiniangalie hivyo. Atajifunza tu kwamba na sisi tunaweza kumwona."

Vidole vya Gaëlle vilisimama. Alisikia maneno yake mwenyewe, yale aliyoyatunga mwenyewe uchochoroni kwa sauti ya mafua, yakitoka kwenye mdomo wa mtu wa kwao, yakiwa na saa na mahali. Siku moja tutakupata. Aliyabuni kama kinga. Hakuna aliyewahi kuyasema, mpaka yeye aliposema kwamba yamesemwa.

Alitazama mlango. Kwa miguu ni dakika arobaini mpaka kliniki, na teksi haiondoki mpaka ijae. Na akifika atamwita Mokgadi kwa jina gani, mbele ya fulana zile? Mama yake alikuwa Jeppestown kununua nywele. Papa Ignace alikuwa kwenye mazishi. Alikuwapo yeye, na kichwa kilichosokotwa nusu, na mtu mmoja Yeoville nzima ambaye hajawahi kutunza siri hata ya siku yake ya kuzaliwa.

Akafunga mlango. Akamwambia Glody aweke simu kwenye rafu, ifudifudi, akamwapisha kwa mama yake aliyezikwa Lubumbashi. Glody alicheka kidogo, kisha akaona uso wake kwenye kioo, akaapa.

Akamweleza. Alieleza upesi, bila mapambo, yeye aliyezoea mapambo: nani aliimba, nani alitafsiri, ukuta ulikuwa mbali kiasi gani, vidonge vilifungwa na raba ya rangi gani. Kwamba fulana ile ya njano ndiyo geti la nyuma la sasa. Kwamba mikono ile inayopekua haitoi, inatia. Kwamba Sagesse amebakiwa na wiki nne kujifungua.

Glody aligeuka kwenye kiti. Nusu ya nywele zake zilisimama, nusu zimelala, na kwa mara ya kwanza Gaëlle aliona jinsi alivyo mdogo.

"Kwa hiyo huyo mama ni wetu," alisema.

"Mpigie mmoja wa wale wane. Sasa hivi. Mwambie muende nyumbani, usimwambie sababu."

Alichukua simu, akapiga. Haikupokelewa. Akampigia wa pili, wa tatu. Simu ya wa nne ilikuwa imezimwa. Ilikuwa saa kumi na moja kasoro dakika nane. Na mtu mwenye haraka hufanya kile mkono ulichozoea. Wale wanne walikuwa kwenye kundi la WhatsApp la vijana wa Yeoville, wakisoma kila linaloingia. Hapo ndipo walipopangia. Kundi hilo lilikuwa na watu mia tatu na kumi na wawili. Gaëlle alikuwa amegeuka kuchungulia dirishani, akitafuta mtu yeyote mwenye gari, aliposikia vidole vikigonga kioo cha simu.

"Glody, hapana."

Alikuwa ameshaandika. Aliandika vizuri, kwa haraka, kwa moyo mweupe kabisa: Msimguse yule mama. Mimi Glody naapa. Ni wetu, anatusaidia kwa siri.

Gaëlle aliipokonya simu. Alibonyeza afute, kidole kikateleza kwa mafuta ya nywele, akabonyeza tena. Alama za waliosoma zilikuwa zimeshapanda. Mmoja wa wale wanne alijibu sawa, tunaondoka. Hilo lilikuwa la kwanza, na Glody alishusha pumzi, akafunga macho, akasema asante Yesu.

Chini ya jibu hilo likaingia la pili. Lilitoka kwenye namba isiyo na jina wala picha, na Glody alipoulizwa ni ya nani alisema kundi ni kubwa, mtu huingizwa na mtu.

Namba hiyo iliuliza: Mama yupi huyo? Mtajeni.

Na kabla Gaëlle hajapata kidole kikavu, ikaonekana kwamba mtu mwingine, mahali fulani Yeoville, anaandika.